Bahasha ya mchungaji wa Dzaleka

DOWA, Malawi

JUMAPILI asubuhi, kabla jua halijawa kali, kambi ya Dzaleka huamka kwa sauti za kwaya. Kila upande kuna kanisa. Kiswahili cha Uvira na Fizi hukutana njiani na Kirundi, Kinyarwanda na Chichewa, kila mmoja akiwahi ibada ya kwao.

Zipo Jumapili ambazo, katika makanisa ya Wakongo na Warundi, ibada huwa ndefu kuliko kawaida. Mahubiri yakiisha, akina mama waliovaa vitenge vya aina moja hujipanga mlangoni, mabeseni kichwani, kisha wanacheza polepole hadi mbele. Ndani ya mabeseni kuna unga wa mahindi, sukari, chumvi, mafuta ya kula, sabuni ya mche, dagaa wa ziwani, pengine na kuku aliyefungwa miguu. Nyuma yao vijana wamebeba gunia la mkaa. Mwisho kabisa wanakuja wazee wa kanisa na bahasha. Mchungaji na mama mchungaji wanasimama, wanapokea kwa mikono miwili, wanatandikwa kitenge kipya mabegani, na vigelegele vinajaa hadi nje.

Mgeni anayetazama kwa mara ya kwanza anaweza kujiuliza swali gumu. Watu hawa wanaishi kwa mgao. Iweje wachange na kumpa mtu mwingine?

Jibu lake linawahusu wafanyabiashara wanaopita Kasumulu na Songwe zaidi ya wanavyodhani. Anayepokea beseni lile naye ni mkimbizi. Hana mshahara, na kwa sehemu kubwa sheria haimruhusu kuutafuta. Lakini kazi anayoifanya ndiyo inayowezesha watu wasio na hati, wasio na benki na wasio na wakili kuuziana na kukopeshana.

Gereza lililogeuka kambi

Dzaleka iko wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, mwendo wa kilomita zisizofika 50. Jina lenyewe linatokana na neno la Chichewa lenye maana ya kuacha: yule aliyepelekwa hapa alitarajiwa aseme ameacha, hatarudia tena. Katika utawala wa Kamuzu Banda, mahali hapa palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa.

Namna Malawi ilivyotoka katika zama hizo ni sehemu ya habari hii, kwa sababu wachungaji walikuwa ndani yake. Tarehe 8 Machi 1992, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, barua ya maaskofu saba wa Kanisa Katoliki ilisomwa katika parokia za nchi nzima. Ilizungumzia umaskini, elimu, mahakama na woga wa watu kusema ukweli. Katika nchi ya chama kimoja yenye rais wa maisha, hilo lilikuwa jambo la hatari. Maaskofu waliitwa na kuhojiwa na polisi, na kasisi mmoja wa Ireland, Monsinyori John Roche, alifukuzwa nchini.

Viongozi wa makanisa mengine waliungana na madai hayo. Juni 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni na kuchagua mfumo wa vyama vingi. Mei 1994 walimchagua Bakili Muluzi kuwa rais. Mwaka huohuo wa 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda na Burundi ikiwa katika vita, Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi chini ya serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Baadaye vita vya Congo vilileta watu wengi zaidi.

Kambi iliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000 sasa ina zaidi ya 50,000. Wengi ni Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Ni Jumuiya ya Afrika Mashariki ndogo ndani ya nchi ambayo si mwanachama: Rwanda na Burundi zilijiunga na jumuiya hiyo mwaka 2007, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mwaka 2022. Na kama ilivyo Kariakoo, Kasumulu au Bujumbura, lugha inayowakutanisha sokoni ni Kiswahili.

Kwa nini hana mshahara

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka masharti yake, yakiwemo yanayohusu uhuru wa kutembea na haki ya kufanya kazi ya ajira. Sheria ya Wakimbizi ilifuata mwaka 1989. Sera iliyotokana na hayo ni moja: mkimbizi akae kambini.

Kwa miaka mingi sera hiyo haikufuatwa kwa ukali. Wakimbizi walifungua maduka Lilongwe na katika miji mingine. Waliuza vyakula, nguo na vifaa vya nyumbani, wakalipa kodi ya pango, wakasomesha watoto. Mfanyabiashara wa Mbeya au Tunduma aliyefika Lilongwe na mzigo alijua kwamba kuna duka ambalo mwenyewe atamjibu kwa Kiswahili.

Machi 2023 serikali iliagiza wakimbizi wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka kufikia katikati ya Aprili. Mei msako ulianza Lilongwe. Maduka yalifungwa, bidhaa zikapotea, watu wakakamatwa, na mashirika ya haki za binadamu yalilaani kuwekwa kwa watoto katika gereza la Maula. Serikali ilitaja usalama wa taifa na sheria zake. Familia zilirudishwa katika kambi iliyokuwa imeshafurika.

Kwa kanisa, pigo hilo lilikuwa na hesabu yake. Muumini mwenye duka mjini ndiye aliyekuwa akitoa sadaka nono, akilipia spika, akiongeza bati. Duka lake likifungwa, sadaka inafungwa nalo. Wakati huohuo idadi ya wanaomgongea mchungaji mlango usiku inaongezeka. Aliyekuwa mtoaji jana, leo amekuja kuomba unga.

Juu ya hayo, misaada ya chakula inayotolewa kupitia Mpango wa Chakula Duniani, WFP, imepunguzwa zaidi ya mara moja kwa kukosa fedha. Mchungaji anapewa mgao uleule wa jirani yake. Tofauti ni kwamba nyumba ya jirani inaweza kufunga mlango wakati wa chakula, na ya mchungaji haiwezi.

Kazi isiyoandikwa popote

Ukiuliza mchungaji wa kambini anafanya nini, jibu la haraka ni kwamba anahubiri. Hiyo ni sehemu ndogo ya wiki yake.

Anazika. Anakaa na wafiwa ambao hawana ukoo hapa, akawa yeye ndiye mjomba na shangazi. Anapatanisha mume na mke. Anakwenda hospitali na mgonjwa asiyejua Chichewa wala Kiingereza, akawa mkalimani. Anapita kituo cha polisi mtu wa kanisa lake anapokamatwa. Anasoma barua za ofisi kwa wasioweza kuzisoma, na kuwaliwaza wanaosubiri kwa miaka jibu la kuhamishiwa nchi ya tatu.

Kisha ipo kazi inayogusa biashara moja kwa moja. Kanisa hutoa barua ya utambulisho. Anayehama kutoka Uvira kwenda Kigoma, au kutoka Kigoma kwenda Mbeya, mara nyingi hubeba karatasi yenye mhuri wa kanisa inayosema huyu ni mshirika wetu, mpokeeni. Karatasi hiyo si pasipoti na haivushi mtu mpakani. Lakini kwa mgeni asiye na mtu, ndiyo inayomtafutia pa kulala usiku wa kwanza na mtu wa kumwonyesha soko.

Vivyo hivyo kwa mkopo. Mkimbizi hana hati ya kiwanja ya kuweka rehani. Anapochukua mzigo kwa mali kauli, dhamana yake ni neno lake, na mara nyingi neno hilo husemwa mbele ya mzee wa kanisa au mchungaji. Wakikosana, hawana fedha za kwenda mahakamani, na pengine hawataki kuonekana huko. Wanakaa kwenye benchi la kanisa, daftari linafunguliwa, mchungaji anasikiliza pande zote mbili hadi jioni.

Kwa hesabu ya biashara, hizo ni huduma tatu ambazo mjini zina bei: utambulisho, udhamini na usuluhishi. Dzaleka hutolewa bure na mtu ambaye hajui atapika nini kesho. Beseni la Jumapili ni jibu la watu wanaojua hivyo.

Zawadi na lugha zake

Kila taifa lililoko kambini lina namna yake ya kutoa shukrani. Wakongo hupenda kutoa hadharani, kwa ngoma na kwa kutuza: mtu anacheza hadi mbele na kuweka noti yake mbele ya macho ya wote. Warundi na Wanyarwanda wana agaseke, kikapu kilichosukwa chenye kifuniko cha ncha. Zawadi ikiwekwa ndani hufunikwa, na kilichomo hubaki siri ya aliyetoa na aliyepokea. Namna ya kwanza inaongeza furaha ya wengi. Ya pili inamstahi aliye na kidogo.

Wamalawi nao wanamwita mchungaji mbusa, na kwa heshima husema abusa hata akiwa mmoja. Neno lao la shukrani, zikomo, ni la kwanza ambalo mfanyabiashara yeyote hujifunza akishavuka Songwe. Upande wa Tanzania, katika sharika nyingi za Kilutheri, mavuno yanayoletwa kanisani hupigwa mnada nje ya mlango baada ya ibada: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo. Aliyekosa cha kuleta hununua cha mwenzake kwa bei ya juu, naye akawa ametoa. Ni sadaka ambayo muuzaji wa sokoni huielewa bila kufafanuliwa.

Kwa nini mabeseni Dzaleka hujaa vitu badala ya fedha? Mila ni sababu moja. Sababu ya pili ni kwacha. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya sarafu hiyo, na bei ya dola moja ya Marekani ikapanda kwa asilimia 44, kutoka takriban kwacha 1,180 hadi 1,700. Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulizidi asilimia 30. Kanisa lililoahidi mwanzoni mwa mwaka kumpa mchungaji kiasi fulani cha kwacha mwishoni mwa mwaka lilijikuta linatoa thamani ndogo kuliko ile lililokusudia, bila mtu yeyote kuvunja ahadi.

Mfanyabiashara anayelipa kwa shilingi na kuuza kwa kwacha anaijua maumivu hiyo. Gunia la unga hubaki gunia. Bati hubaki bati. Ada ya mtoto ikilipwa leo shuleni, imelipwa. Ndiyo maana makanisa mengine huacha kusubiri siku moja ya sherehe, wakagawana mwaka: familia hizi zinaleta kuni na mkaa, hizi sabuni, hizi unga wa mwezi huu. Shukrani ya namna hiyo haina vigelegele, lakini sufuria ya mama mchungaji inaifahamu.

Na hapo kuna jambo linalosahaulika. Wanaobisha hodi usiku hufunguliwa na mama mchungaji. Ndiye anayeongeza maji kwenye mchuzi wageni wanapofika wanne badala ya mmoja. Bahasha huandikwa jina la mume, ilhali nusu ya kazi ni ya mke. Makanisa yenye busara huandaa mafungu mawili.

Bahasha inapogeuka bei

Hata hivyo, habari ya zawadi za wachungaji katika ukanda huu haiwezi kuandikwa bila upande wake wa pili.

Lilongwe hiyohiyo, ambayo wakimbizi waliondolewa madukani, ina mikutano ya maombi yenye mabango makubwa. Shepherd Bushiri, mhubiri Mmalawi aliyejulikana kwa utajiri wake, aliondoka Afrika Kusini Novemba 2020 akiwa nje kwa dhamana katika kesi ya ulaghai na utakatishaji wa fedha, akarudi Malawi. Mashtaka hayo ameyakana. Kenya bado haijasahau msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliomfuata mhubiri mmoja. Rwanda ilitunga sheria mwaka 2018 inayowataka wanaoongoza makanisa kuwa na shahada ya elimu ya dini, na imefunga maelfu ya nyumba za ibada zilizoshindwa kutimiza masharti.

Mfanyabiashara ni windo rahisi la mhubiri mwenye tamaa. Maisha yake yamejaa mambo asiyoweza kuyatawala: bei, barabara, forodha, sarafu. Akiambiwa kuna maji ya upako yatakayofungua soko, au kwamba akipanda mbegu ya dola 100 mzigo wake utapita salama, anaweza kutoa hadi mtaji. Mara nyingine hutoa mtaji wa mwenzake.

Hapo si shukrani tena. Shukrani hutazama nyuma, kwa jambo lililokwisha kutendwa. Bei hutazama mbele, kwa jambo linalosubiriwa. Anayempa mchungaji unga kwa sababu alikaa naye msibani ameshukuru. Anayempa bahasha ili kesi yake ya deni iamuliwe upande wake amenunua, na kitu alichonunua ni hukumu. Kanisani kila mtu atajua, na siku nyingine hakuna atakayelikalia benchi lile. Kambi itakuwa imepoteza mahakama yake pekee ya bei nafuu.

Kwa hiyo kinachohatarishwa si fedha ya mtoaji peke yake. Uaminifu wa mchungaji ni mali ya wote, kama kisima. Anayetia uchafu kwa faida yake anawanywesha wenzake.

Utaratibu wenye heshima

Makanisa yaliyodumu kambini yana kawaida zinazofanana, na mfanyabiashara anayepita anaweza kuziiga.

Ya kwanza ni kutoa kupitia wazee au mashemasi, na kiandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na zawadi nayo ni mali. Mchungaji analindwa na daftari hilo siku maneno yatakapoanza.

Ya pili ni kuuliza. Kitenge cha tano hakimsaidii mtu ambaye paa lake linavuja. Swali dogo kwa mama mchungaji au kwa mzee wa kanisa huokoa aibu ya zawadi isiyo na kazi.

Ya tatu inahusu mpaka. Mzigo wa zawadi ni mzigo. Ukipita Kasumulu na Songwe na sukari ya kanisa, utangazwe forodhani kama ulivyo, na stakabadhi itunzwe. Kuandika jina la mchungaji juu ya bidhaa za kuuza ili zipite haraka ni kumwingiza mkimbizi kwenye kesi ambayo hana uwezo wa kuitoka. Mtanzania akitozwa faini hulipa na kurudi kwao. Mkimbizi anaweza kupoteza hata pale alipo.

Ya nne ni kutomwalika mchungaji wa kambini aje mjini kupokea. Zipo nia njema zilizomgharimu mtu siku nzima kituo cha polisi. Kambi inafikika kutoka Lilongwe na kurudi kwa siku moja. Anayetaka kushukuru afunge safari yeye, baada ya kufuata taratibu za kuingia. Safari hiyo yenyewe ni sehemu ya zawadi.

Ya tano ni kipimo. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Bibi anayeleta kikombe cha chumvi aketi karibu na anayeleta gunia.

Shukrani inayovuka uzio

Wapo pia walioshukuru kwa kuendeleza kile walichopokea. Innocent Magambi, aliyezaliwa kambini katika familia ya Kirundi na kuishi ukimbizini katika nchi kadhaa kabla ya kufika Dzaleka, alianzisha shirika la There is Hope mwaka 2006. Shirika hilo hutoa mafunzo ya ufundi na msaada wa masomo kwa wakimbizi, na pia kwa Wamalawi wa vijiji vinavyoizunguka kambi. Mwaka 2014 msanii Mkongo Menes La Plume alianzisha Tamasha la Tumaini ndani ya kambi, ambalo huwaleta Wamalawi na wageni wa nchi nyingine kusikiliza muziki, kula na kununua bidhaa kwa watu ambao mjini huitwa tatizo.

Mifano hiyo ina fundisho kwa kanisa la kambini. Jirani wa Dowa, mkulima wa mahindi na tumbaku, naye ana njaa yake, na anatazama mabeseni yanayopita. Mchungaji anayepewa magunia matatu akapeleka moja kwa mwenye kijiji aliyefiwa amegeuza zawadi yake kuwa ulinzi wa watu wake. Siku msako mwingine utakapotangazwa, ushahidi mzuri wa mkimbizi ni jirani anayesema huyu tunamjua.

Muuza nguo wa Filipi

Wachungaji wa kambini hawakosi mifano ya kuwahubiria wafanyabiashara. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 16, kina habari ya Lidia, mwanamke wa mji wa Thiatira aliyekuwa akiuza nguo za zambarau mjini Filipi, ng'ambo ya bahari. Kwa lugha ya leo ni mfanyabiashara wa kuvuka mipaka. Alipomsikia Paulo, hakuanza kwa bahasha. Alimfungulia nyumba yake yeye na wenzake. Paulo na Sila walipotolewa gerezani, walikwenda kwanza kwa Lidia. Na Paulo huyohuyo, sura ya 18, alikuwa akishona mahema kwa mikono yake asiwe mzigo. Mchungaji wa Dzaleka angependa kushona mahema pia. Kinachomzuia si uvivu.

Injili ya Luka, sura ya 17, ina wenye ukoma kumi walioponywa. Aliyerudi kushukuru alikuwa mmoja, na huyo alikuwa mgeni, Msamaria. Habari hiyo ikisomwa Dzaleka, watu waliozoea kuitwa wageni huelewa haraka kuliko wengine.

Lakini kwa wale wanaopita njia ya Songwe, Karonga, Mzuzu hadi Lilongwe, zaidi ya kilomita 600 na mzigo juu, kuna shukrani moja ambayo haijazwi kwenye beseni. Duka linapofungwa ghafla, deni halifungwi nalo. Mwenye mzigo Mbeya bado anadai, na mwenye duka aliyerudishwa kambini hana cha kulipa. Wanapokaa mbele ya mchungaji, anayedai hukubali kungoja, anayedaiwa hukubali kulipa kidogo kidogo, na mchungaji huweka jina lake katikati yao.

Jina hilo ndilo mtaji wake wote. Hana kingine. Kila awamu ya deni inayolipwa kwa siku iliyoahidiwa humwongezea, na kila ahadi inayovunjwa humpunguzia, hadi siku mjane mwingine atakapohitaji neno la mchungaji ili apewe gunia la kuanzia, na neno hilo liwe halinunui kitu tena.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayetaka kumshukuru mchungaji wa Dzaleka apeleke unga, sabuni na bati, vyote vinahitajika. Lakini kabla ya kufunga beseni, afungue daftari, atazame ukurasa ule ambao mchungaji alikuwa shahidi, na alipe.